Kwenda Misikhu Kusikiliza Besi

Matatu ya kutoka Kitale ilipita Kiminini, ikavuka daraja la Kamukuywa, miwa ikaanza kuchanganyika na mahindi, na Mlima Elgon ukawa bado upande wetu wa kulia. Sikuwa nimewahi kushuka Misikhu. Njia nzima nilikuwa namsikiliza Norman Allin kwenye simu, besi yake ikipenya mikwaruzo ya santuri kuukuu.

Allin alizaliwa mwaka 1884 Ashton-under-Lyne, mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza. Alisomea muziki Manchester, na mwaka 1916 akaingia kwenye opera katika kundi la Thomas Beecham, akipewa sehemu ya mzee wa Kiebrania. Ndivyo besi wanavyogawiwa: wazee, makuhani, wafalme. Kwangu huo ni uonevu, kwa sababu wenzao wote husimama juu yao.

Misikhu kuna shule ya wasichana ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Lakini besi niliyoifuata ilikuwa ya wanaume wa kwaya ya kanisa, wakulima na waendesha bodaboda. “Mulembe,” wakanisalimu, wakanipa kiti. Mwalimu alikuwa ametundika karatasi ya solfa ukutani. Mfumo huo ulienezwa na John Curwen huko Uingereza karne ya 19. Kwaya za wafanyakazi wa viwandani kwao Allin zilikua nao, na wamisionari wakauleta Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kugusa piano husoma sehemu yake bila kubabaika.

Sauti ya kwanza ilikuwa ikipanda polepole, ikitoka kwenye ufunguo. Besi walipoingia na do ya chini, ikarudi mahali pake. Nilisisimka mwili mzima.

Wakati wa mapumziko nilimpa mzee mmoja wa besi simu yangu. Alisikiliza wimbo hadi mwisho.

“Huyu anajua kupumua,” akasema. “Lakini mbona yuko peke yake? Wenzake wako wapi?”

Nikamweleza kwamba mwaka 1938, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, Allin alisimama na waimbaji wengine 15 kuimba kazi ambayo Vaughan Williams aliitunga kwa heshima ya kondakta Henry Wood.

“Hapo sawa,” akasema, akanirudishia simu na kukimbilia safu yake, maana mwalimu alikuwa ameshatoa do.