Waya wa Jikoni

Ukiingia katika boma lolote lililofungwa sola huku kwetu Kinango, usiulize paneli ni ya wati ngapi. Uliza taa zimetundikwa wapi. Utaonyeshwa ya sebuleni. Utaonyeshwa ya chumba cha mwenye nyumba. Utaonyeshwa na ile ya nje, ya kuwatishia wezi. Kisha zunguka nyuma ya nyumba, kwenye kile kibanda cha makuti kinachofuka moshi, uchungulie. Mara nyingi utakuta koroboi inawaka pale pale ilipokuwa ikiwaka kabla sola haijaja.

Jambo hili limenikaa rohoni siku nyingi. Nalisema kwa vijana wenzangu, maana siku hizi sisi ndio tunaonunua sola na kuwafungia wazazi. Tunatuma pesa kutoka Mombasa, kutoka Nairobi, wengine kutoka Uarabuni, halafu tunajigamba vijiweni: "Nimewaletea wazee mwanga." Vizuri. Lakini katika nyumba ya watu saba, mwanga umemfikia nani?

Sola si kitu kigeni Kenya. Mwaka 1984 Wamarekani wawili, mhandisi Harold Burris na mwalimu kijana Mark Hankins, walishiriki kufunga sola katika shule ya sekondari ya Karamugi, Meru. Mafundi wa huko wakaupata ujuzi, ukaenea mashambani. Kufika miaka ya 1990, paneli ndogo za wati 10 au 12 zilikuwa zikiuzwa katika maduka ya miji midogo, kando ya misumari na mabati. Watu walizinunua kwa pesa zao wenyewe, za majani chai, za kahawa, za mshahara wa ualimu. Wakaziunga na betri ya gari, na kwenye betri wakaunga televisheni isiyo na rangi. Mtafiti Arne Jacobson aliyezichunguza sola hizo alichapisha makala mwaka 2007. Alieleza kwamba katika mitambo midogo televisheni ilikuwa ikila sehemu kubwa ya nguvu ya betri, na kazi kama masomo ya watoto ikibakiwa na kidogo. Niliposoma habari ile nilicheka peke yangu. Nikasema, lo, huyu bwana aliingia kwetu lini?

Kwetu sola ilikuja mwaka 2021. Kaka yangu mkubwa, afanyaye kazi Mombasa, alinunua paneli ya wati 50, betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 50, chaji kontrola, balbu tatu za wati 3 na televisheni ya kutumia volti 12. Alijinyima, nasema kweli. Kila alipopiga simu alikuwa akiuliza bei ya kitu hiki na kile. Siku ya kufunga alikuja mwenyewe na fundi, na mabati yetu yakapandwa asubuhi na mapema.

Mama alikuwa jikoni akiwapikia. Jikoni ni hatua kumi na mbili kutoka mlango wa nyuma. Fundi alipofika kwenye balbu ya tatu nikamwambia, "Fundi, hiyo moja si iende jikoni?"

Fundi akamtazama kaka. Kaka akasema ya nje ni muhimu zaidi, kwa usalama. Fundi naye akaongeza la kitaalamu: "Halafu, dada, kule ni mbali. Hii ni volti 12. Moto unapotea njiani."

Mama aliitwa kuulizwa. Akatoka akipangusa mikono kwa kanga, akasema, "Aa, mimi mniache. Miaka thelathini napika gizani, mkono wangu unajijua." Akarudi zake. Wote wakaona shauri limekwisha, mwenyewe si amekataa?

Mimi sikuona limekwisha. Koroboi ya mama ilikuwa ikikaa juu ya debe, chini ya paa la makuti makavu. Kila upepo wa kusi ukivuma nilikuwa nikilitazama lile paa. Na kulikuwa na nge. Ukitaka kuni usiku unaupeleka mkono chini ya uchaga usioonekana, unamwomba Mungu.

Basi nikachukua daftari. Hesabu ya sola haihitaji digrii, ni kama hesabu ya mtungi wa maji: jua linajaza, watu wanateka. Paneli ya wati 50 ikipata jua kali la saa tano inatoa wati-saa 250. Joto, vumbi, waya na betri yenyewe hupunguza, kwa hiyo weka 170 hivi za kutumia. Sasa matumizi. Televisheni ya wati 20, saa tano kila usiku, ni 100. Balbu tatu za wati 3, saa nne, ni 36. Simu za watu wote, weka 30. Jumla 166. Unaona? Mtungi umeshatekwa hadi chini.

Halafu nikapiga ya jikoni. Balbu ya wati 3, saa tatu: wati-saa 9. Kwa televisheni ile, 9 ni dakika 27. Nikairudia, kwa maana nilidhani nimekosa. Ni dakika 27 kamili. Mama kuona anachokipika kulikuwa kunatugharimu chini ya nusu saa ya televisheni.

Na lile la moto kupotea njiani? Fundi hakusema uongo. Volti zikiwa chache, umeme mwingi unapita katika waya, na waya mwembamba mrefu unapunguza nguvu. Ukivuta friji au pampu kwa mwendo huo utajuta. Lakini balbu ya wati 3 inavuta robo ampea tu. Waya wa milimita 1.5, mita 12 kwenda na 12 kurudi, unapoteza sehemu ndogo sana, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya volti. Jicho haliwezi kuliona hilo. Sababu ile ni ya kweli kwa friji, ila hapa ilitumika kwa balbu.

Nilikuwa nimeuza kuku wawili. Nikanunua mita 15 za waya, swichi na balbu, nikamtafuta kijana wa fundi redio pale sokoni. Kazi ya saa moja. Waya tuliupitisha kwenye bomba la plastiki mbali na moshi, balbu tukaitundika ukutani badala ya juu ya mafiga ili masizi yasiifunike upesi.

Jioni mama akabonyeza swichi. Nilitarajia atafurahi, lakini alinyamaza. Akatazama kuta zilivyo nyeusi, akatazama sufuria, akatazama mende wakikimbilia kwenye nyufa. Akasema taratibu, "Kumbe nimekuwa nikiwapikia humu?" Siku mbili zilizofuata zilikuwa za kusugua tu. Mkono uliokuwa ukijijua gizani ulikuwa haujapewa nafasi ya kuona.

Sitaki kukupamba, msomaji. Taa ile ilileta na mzigo wake. Zamani mama akimaliza kupika anatoka kwa sababu haoni. Sasa alibaki akipukuchua mahindi na kusuka makuti hadi saa nne. Mwanga umemwongezea saa za kazi. Lakini wadogo zangu nao, waliokuwa wakisomea sebuleni huku tamthilia ikipiga kelele, wakaanza kuhamia jikoni mmoja mmoja na vitabu. Wanakaa juu ya kinu na mikeka, moshi unawatoa machozi, lakini wanasoma. Mama hajui kusoma. Anawaambia wasome kwa sauti apate kusikia.

Vita vilikuja siku ya mpira. Kaka alikuwa nyumbani kwa likizo, mbingu zilikuwa na mawingu tangu asubuhi, na dakika kumi kabla ya mechi kwisha chaji kontrola ikakata moto. Betri ya risasi haipendi kutekwa hadi mwisho. Ukiishusha chini ya nusu kila siku unaipunguzia umri, na ndiyo sababu kontrola hukata. Vijana wa jirani waliojaa sebuleni wakapiga mayowe. Kaka akatoka nje, akaona jikoni kulikuwa na taa kabla ya giza. "Ni hiyo!" akasema. "Ni hiyo taa yenu inayokula betri!"

Hakukosea. Ningetaka kukwambia alikosea, ila hesabu ni hesabu. Dakika 27 zake zilikuwa jikoni. Nikamletea daftari tukalitazama kwa tochi ya simu. Nikamwambia, "Kaka, kweli tumezichukua. Swali ni kama zilikuwa zako." Akanyamaza. Bibi alikuwa kitandani chumba cha pili, tukidhani amelala. Akasema kutoka humo humo, "Mpira ni wa mara moja kwa wiki. Sima ni ya kila siku." Hakuna aliyemjibu. Kesho yake kaka alitoa balbu ya nje na kuifunga yenye kihisi, inayowaka mtu akipita tu. Akiba ikapatikana bila yeyote kukosa kitu.

Jirani yetu, mjane, alikuwa na kifurushi kidogo cha kulipa kidogo kidogo. Biashara hiyo imewezekana kwa sababu ya M-Pesa iliyoanza mwaka 2007. M-Kopa, iliyoanza kuuza mwaka 2012, ilifahamika kwa malipo yake ya shilingi 40 kwa siku, ambazo wengi walikuwa wakizitia kwenye mafuta ya taa. Kifurushi cha mjane kilikuwa na paneli ya wati chache tu na taa moja ya kubeba. Asipolipa, kinajizima. Sisi tulikuwa tukikionea huruma. Lakini taa ile ya kubeba ilikuwa inakwenda jikoni, inakwenda chooni, inakwenda zizini mbuzi akizaa. Mwanga ulimfuata mwenye kazi. Kwetu, kwenye wati 50, mwanga ulikuwa umepigiliwa misumari mahali pa kukaa.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu unayekusanya pesa za sola, bei usiitazame kwenye paneli. Paneli bei yake imeanguka mno tangu mwaka 2010, na iliyo nzuri itakaa miaka 20 na zaidi juu ya mabati. Kinachokula pesa ni betri. Ile ya risasi ni rahisi dukani, lakini ukiitumia hadi nusu kila siku umri wake ni mizunguko ya kuhesabu kwa mamia. Ya lithiamu, aina ya chuma na fosfeti, ni ghali siku ya kwanza, ila unaweza kuiteka sehemu nane katika kumi, na mizunguko yake ni ya maelfu. Hakikisha tu kontrola yako inaelewana nayo. Betri ya gari iache garini, kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kuwasha taa usiku kucha.

Na kabla fundi hajapigilia msumari wa kwanza, keti na watu wa nyumba. Muulize kila mmoja anaamka saa ngapi na anafanya nini giza likiwepo. Usikubali jibu la "mniache," maana mtu aliyezoea kutoulizwa hujibu hivyo. Ziandike wati-saa za kila mtu kwenye karatasi moja, televisheni na jikoni zikae mstari kwa mstari.

Mwaka 2025 betri yetu ilianza kuchoka. Kaka akapiga simu akisema anafikiria kuleta ya lithiamu, nikaweka sauti juu watu wote wasikie. Alipotaja ampea-saa, mama aliacha kupukuchua.

"Muulize," aliniambia, "hiyo ikija, banda la kuku nalo litapata?"

Kaka akasema leteni hesabu. Mama akamtuma mdogo wangu wa mwisho akalete daftari.