Karatasi Iko Juu Kwenu

Karatasi ilikaa ndani ya kasha la Bibi, chini ya kanga za Idi, imekunjwa mara nne katika kitambaa kilichonuka udi. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Mara moja moja, hasa akisikia mtu wa nje anaulizia bei ya nyumba, Bibi aligonga kifuniko cha kasha kwa kiganja na kusema, "Nyumba hini haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi." Maneno hayo niliyahifadhi kabla sijahifadhi Alhamdu yote.

Nyumba yenyewe iko Mji wa Kale, Mombasa. Ni ya ghorofa moja, kuta za mawe na chokaa, dari ya boriti, na baraza mbili mbele. Aliyeijenga ni baba yake Bibi, ambaye nyumbani tulimwita Babu Mkuu ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyemwona. Mwaka 1330 wa Hijria, ambao kwa sehemu kubwa ni 1912, aliita mwandishi na mashahidi wawili, akaandikisha waraka mmoja kwa Kiarabu. Nusu ya juu ilikuwa wakfu wa nyumba. Nusu ya chini ilikuwa wasia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mwaka ule. Nadhani jibu ni sheria ya hati za ardhi ya 1908. Kabla yake, mtu wa pwani alijulikana kuwa mwenye mali kwa midomo ya majirani zake, na minazi iliweza kuwa ya huyu, ardhi iliyo chini yake ikawa ya yule, wala pasitokee ugomvi. Sheria ile ikamtaka kila mwenye kudai aende kwa msajili wa hati akathibitishe, na ardhi isiyodaiwa na mtu ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mwingereza. Bibi alikuwa mtoto mdogo, lakini aliambiwa na mama yake namna wapimaji walivyokuja na minyororo yao na kupigilia bikoni pembeni mwa ukuta. Babu Mkuu alikwisha kuona kwamba kuanzia hapo, jambo lisiloandikwa halipo.

Wasia haukumpa taabu mtu. Sharia hairuhusu kuusia zaidi ya thuluthi ya mali, wala kumuusia mrithi, kwa hiyo aliacha rupia kadhaa za kumhijia, za hitima, na za mafuta ya taa za msikiti. Alipofariki, rupia zenyewe zilikuwa zimeondolewa: mwaka 1920 ilikuja florini, na baada ya muda mfupi ikaja shilingi. Watoto wake wakafanya hesabu, wakalipa.

Shamba la Kisauni ndilo lililokwenda kwa mirathi ya kawaida. Mjane thumni yake, na kila mtoto wa kiume mara mbili ya Bibi. Lilipofunguliwa daraja la kuelea la Nyali mwaka 1931, ng'ambo ikawa karibu, wanunuzi wakaja, na ndugu wakauza kipande baada ya kipande. Nilipozaliwa lilikuwa limebaki jina tu. Bibi akitaka kulisema alisema "pale kwetu zamani" na kuelekeza kidevu upande wa maji.

Nyumba ikabaki kwa sababu ilikuwa wakfu, nayo ilikaribia kuponyoka. Mahakama za Waingereza zilikuwa na mashaka na wakfu wa ukoo. Mwaka 1894, katika kesi iliyotoka Bengali, Privy Council ya London iliamua kwamba wakfu ambao kwa kweli ni wa kulisha kizazi cha mtu, huku maskini wakitajwa mwishoni mbali kabisa, si sadaka na haufai. India ikatungiwa sheria ya kuuhalalisha mwaka 1913, lakini hiyo haikuvuka bahari kuja kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kesi ya watu wa Mombasa ikafika London, na majaji wakafuata uamuzi ule ule wa Bengali. Mama alikuwa msichana. Anakumbuka wanaume wamejaa barazani baada ya Isha, na Bibi ndani amefunga saumu tatu mfululizo. Wakfu ukivunjika, nyumba ingerudi kuwa tarika ya Babu Mkuu, yaani mali aliyoiacha, na kugawanywa kama Kisauni. Kilichotuokoa ni sheria ya makamishna wa wakfu ya mwaka 1951, iliyotamka wazi kwamba Mwislamu anaweza kuwawekea wakfu jamaa zake na vizazi vyake, na kwamba nyakfu za zamani pia ni sahihi.

Hiyo ndiyo hadithi ya nyumba kama nilivyoisikia utotoni, na ningeweza kuikomea hapo. Lakini chini ya ngazi palikuwa na chumba.

Ndani ya chumba hicho aliishi mwanamke tuliyemwita Somo, kwa sababu ndiye aliyemfunda mama yangu alipoolewa. Mlango wake ulifunguka barabarani. Alfajiri alikaanga mahamri, na mbaazi zake za nazi zilipandisha harufu hadi kitandani kwetu. Aliingia kwetu bila kubisha, lakini hakupata kukaa kitini Bibi akiwapo, alikaa mkekani. Nilijua kwamba mama yake alikuwa mtumwa wa Babu Mkuu. Hakuna aliyelificha jambo hilo, wala aliyelizungumza. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, na mama yake hakuondoka. Tuliambiwa kwamba wanaishi pale kwa hisani ya Bibi, nami nilimpenda Bibi zaidi kwa hisani hiyo. Somo alipofariki, binti yake alibaki na chumba na karai.

Bibi alituaga mwaka 1984. Baada ya arobaini, binamu yake mama, tuliyemwita Mjomba, aliyekuwa mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu, alikuja na jalada chini ya kwapa. Ndani yake mlikuwa na tafsiri ya Kiingereza iliyopigwa taipu zamani kwa ajili ya usajili, kurasa mbili. Ndiyo iliyotumiwa siku zote na mawakili na makarani. Ile ya Kiarabu iliachwa ilale kashani. Mjomba alisema mambo mawili kwa upole. Kwanza, fungu la Bibi katika kodi ya wapangaji limekwisha naye, kwa kuwa watoto wa binti ni wa ukoo wa baba yao. Pili, paa linavuja, wapangaji wanalipa kodi ndogo ya zamani, na chumba cha chini kinaweza kukodishwa kwa duka la vinyago, kwani watalii wanaotoka Fort Jesus hupita pale pale. Hakuwa mlafi. Alifundishwa hivyo na baba yake, na paa lilikuwa linavuja kweli.

Mama hakubishana naye. Alifungua kasha, akamwita mwalimu wetu wa chuo cha Kurani.

Mwalimu alikuja baada ya Alasiri na miwani yake na juzuu ya Minhaji, kitabu cha Imamu Nawawi, aliyefariki Sham mwaka 1277, ambacho makadhi wa pwani wamekitegemea miaka na miaka. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba majaji wa Kiingereza nao walikitumia, ila wao walisoma tafsiri ya Howard ya mwaka 1914, ambayo haikutoka kwenye Kiarabu bali kwenye Kifaransa cha Van den Berg. Sheria yetu iliwafikia imevuka lugha mbili.

Mwalimu alisoma waraka polepole, kidole chini ya kila neno. Babu Mkuu aliandika "watoto wangu, na watoto wa watoto wangu, na wazao wao." Akafungua Minhaji, akatuonyesha: kwa maneno hayo watoto wa mabinti wanaingia, isipokuwa mwenye kuweka wakfu awe ameweka sharti la wale tu wanaonasibishwa kwake. Babu Mkuu hakuweka sharti. Mama alijifuta uso kwa ncha ya buibui. Mjomba akainamisha kichwa, akasema, "Basi. Limeandikwa."

Tulidhani amemaliza. Mwalimu akasema, "Ngojeni, kuna mstari umebaki."

Mstari huo ulikuwa juu ya chumba cha chini. Kilikuwa cha mwanamke aliyetajwa kwa jina, atika wake Babu Mkuu, yaani aliyeachwa naye huru, na baada yake ni cha wazao wake maadamu wapo. Mjomba akatoa tafsiri ya Kiingereza jaladani. Ilisema mtumishi. Jina halikuwamo, wala wazao. Mtumishi hukaa muda wa utumishi wake, kisha huondoka. Na kwa neno hilo moja haki ikageuka hisani kwa zaidi ya miaka sabini, na Bibi wangu, ambaye hakujua Kiarabu cha waraka ingawa alisoma Kurani kila alfajiri, akashukuriwa kwa kitu kisichokuwa chake.

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Vitabu vya fiqhi vinasema aliyeachwa huru akifa bila warithi wa damu, bwana wake ndiye anayemrithi. Yeye hamrithi bwana. Babu Mkuu alilijua hilo, na kwa kuwa mlango wa mirathi ulikuwa umefungwa upande wa yule mwanamke, akamfungulia wa wakfu. Simsafishi. Alimiliki watu. Lakini alichokiandika alikiandika wazi, na sisi tuliokuja baada yake ndio tulioacha kukisoma.

Mama alinituma nishuke nikamwite binti wa Somo. Alipanda na mikono ina unga, akakaa mkekani, kama mama yake. Mwalimu akamsomea mstari wake. Alisikiliza hadi mwisho, asishangae.

"Mama aliniambia," alisema. "Aliniambia chumba ni chetu kwa karatasi. Lakini karatasi iko juu kwenu."

Mama aliondoka kitini, akaenda kukaa naye mkekani. Hawakuzungumza. Sikumbuki ni nani aliyeleta kahawa.

Duka la vinyago halikufunguliwa. Paa lilitengenezwa kwa michango, na fungu letu la kodi, dogo kama lilivyo, likarudi kwa mama na ndugu zake. Nakala ya waraka ilitolewa, mjukuu wa Somo anayo katika bahasha ya plastiki, na sasa yeye ndiye anayekaanga mahamri. Kenya ina sheria mpya ya wakfu ya mwaka 2022, nasi tumeanza kupanga makaratasi upya. Katika jalada la ofisini bado kuna ile tafsiri ya Kiingereza yenye neno mtumishi. Mwezi uliopita tuliandika barua kuomba nakala ya Kiarabu iwekwe mbele yake, na jina la yule mwanamke lisajiliwe pamoja na wazao wake. Tulitia saini watu kumi na wanne. Mjukuu wa Somo alitia ya kwanza, mezani, juu kwetu, amekaa kitini.