Methali na Meno

Kwa miaka mingi nimewafafanulia wanafunzi methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Sikudhani kuwa siku moja ningeipima kinywani mwangu mwenyewe.

Meno yangu ya juu ya mbele yalitokeza hata midomo ikashindwa kuyafunika. Utotoni niliitwa majina nisiyopenda kuyataja. Ukubwani nikajizoeza kucheka huku nimeziba kinywa kwa kiganja. Binti yangu alirithi umbo lile lile. Alipotimiza miaka 12 nilimpeleka kwa tabibu wa meno, naye akatutazama, akauliza, "Mgonjwa ni mmoja au wawili, Mwalimu?"

Alitufundisha kuwa yapasa kujua kwanza kama ni meno yaliyotoka nje au ni taya la chini lililobaki nyuma. Mambo hayo hufanana machoni, lakini dawa zake ni mbalimbali. Taya la binti yangu lilikuwa nyuma, naye alikuwa angali akikua. Akapewa vibao viwili, cha juu na cha chini, vinavyomlazimisha mtu kuuma huku taya la chini limesogea mbele. Vilibuniwa na William Clark wa Scotland mwaka 1977. Havidai jino kung'olewa, walakini vinadai utii, maana mtoto aweza kuvivua.

Mimi nilikuwa na miaka 46, na taya langu lilikwisha acha kukua. Zilibaki njia mbili. Ya kwanza ni vifuko vyepesi vinavyopenya nuru, vinavyobadilishwa kimoja baada ya kimoja. Havionekani upesi, lakini meno yakivutwa mbali huelekea kuinama badala ya kurudi wima. Ya pili ni kung'oa gego dogo kila upande, kisha kuvuta meno ya mbele kwa waya. Hapo magego ya nyuma nayo huvutwa mbele na kuila nafasi; kwa hiyo parafujo ndogo hutiwa mfupani, ziwe nanga. Nilisikitikia meno mawili mazima, lakini nikachagua waya.

Hapo ndipo methali ilipopungua. Jino likisukumwa polepole, mfupa ulio mbele yake huyeyuka, na nyuma yake hujengwa mwingine. Mwendo wake ni kiasi cha milimita moja kwa mwezi, hata kwa mtu mzima. Tena tabibu alikiri kuwa hata kwa binti yangu, sehemu kubwa ya mafanikio ilitokana na kusogea kwa meno kuliko kukua kwa taya. Samaki mkavu hakunjiki. Jino la mtu mzima husogea.

Kazi ilichukua miaka miwili na zaidi. Siku za kwanza nilipotamka "fimbo" darasani, wanafunzi walicheka. Nami nilicheka pamoja nao, mkono ukiwa mezani. Sasa kila usiku mimi na binti yangu huvaa vibao vya kuzuia, maana meno yaliyorudishwa hupenda kurejea yalikotoka.