Samaki wa Birikani

Mwiko niliushika nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, nikauweka chini mwaka huu magoti yalipokataa kupigwa ardhini, na baina ya siku mbili hizo sikuwa na kazi nyingine ila kuyajengea maji makazi yake: visima, mabirika, matangi ya mvua na, mwishoni, mahodhi ya kuogelea. Ya utoto sina haja ya kuyarefusha. Nilizaliwa Lamu, mtaa wa Langoni. Baba, baharia wa majahazi, alifariki ningali mdogo. Mama akanishika mkono akanipeleka kwa mzee mwashi aliyekuwa jamaa yake, nami nikamwita Babu tangu siku ile hata siku tuliyomzika.

Ni yeye niliyemkumbuka mwaka jana, nilipopita mbele ya nyumba aliyoitengeneza, nikasikia nyundo, nikaingia kwa idhini ya wenyewe, nikawakuta vijana wakilivunja birika lake la chooni ili wapate nafasi ya bomba la kuogea. Katika kifusi palikuwa na bakuli la kaure, zima ila kwa ufa mmoja. Niliwaomba, wakanipa bila ya kuuliza lilikuwa la nini. Na kule kutouliza kwao ndiko kulikoniuma hata nikaona ni wajibu kuyaandika haya.

Basi na wajue. Fundi wa zamani wa Lamu, alipokwisha kulipiga birika lipu ya chokaa, nayo ni chokaa ya matumbawe yaliyochomwa tanuuni, ikazimwa kwa maji na kulazwa shimoni miezi hata ikawa laini kama samli, alizika bakuli la kaure katikati ya sakafu, mdomo ukielekea juu, kisha akatia majini samaki wadogo wawili watatu. Samaki wale walikula viluwiluwi vya mbu kabla havijaota mbawa. Na maji yalipotekwa kwa kata hata yakakaribia kwisha, walishukia bakulini wakangojea birika lijazwe tena. Nilimwuliza Babu kama si uchafu kuoga maji waliyomo samaki. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Mjukuu wangu, maji yasiyo na mlinzi ndiyo ya kuogopwa."

Mabomba na saruji yalipotawala, kazi ya birika ilikufa, nami nikahamia Malindi kujenga mahodhi ya vigae vya buluu kwa wenye hoteli na majumba ya pwani. Sikuyapenda hata siku moja. Alfajiri, kabla wageni hawajaamka, mtunza bustani alipita na wavu akiopoa vyura, nyuki, na mara nyingine kalunguyeye aliyekuja kunywa usiku, akakuta kuta zilizosimama wima, akazunguka akiogelea hata nguvu zikamwishia.

Kwa hiyo alipokuja bwana mmoja, mwenye shamba karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, na ramani ya hodhi lisilotiwa klorini, mtindo ulioanzia Austria miaka ya 1980, niliikubali kazi kabla ya kusikia ujira. Hodhi hilo ni mawili ndani ya moja: upande wa watu tuliuchimba mita mbili, upande wa mimea haukuzidi nusu mita, na eneo la huu likawa sawa na la ule, ukuta wa baina yao ukakomea chini kidogo ya uso wa maji, ili maji yapite na changarawe isipite. Changarawe nasema, wala si udongo wa rutuba, kwa kuwa siri ya maji safi ni njaa: mafunjo, ndago na yungiyungi, zikikosa chakula chini, hukinyonya majini, na mwani ukabaki bila riziki, na juu ya kila kokoto hujifanya utando wa bakteria wanaovunjavunja jasho na majani makavu hata yakawa lishe ya mizizi. Pampu ndogo huyazungusha maji polepole. Ukingo mmoja niliulaza kama ufuko, ili kila kiumbe kiingiacho kiweze kutoka. Hayakupita majuma mengi vyura wakawa wanaimba, mbayuwayu wanateka maji wakiruka, popo wanakuja magharibi. Na kaskazi ilipovuma, kereng'ende walitanda juu ya mafunjo.

Hapo ndipo ulipozuka mjadala ambao hata leo sijakubali kuwa umefungwa. Mimi nilitaka samaki, wachache, wadogo, kama wa Babu. Mhandisi aliyeletwa na yule bwana alikataa katakata, na hoja zake nitazitaja zote kwa insafu: kwamba samaki huwala viroboto wa maji, ambao ndio walao mwani, kwamba hula mayai ya vyura na watoto wa kereng'ende, na kwamba kinyesi chao huyarutubisha maji. Nilimjibu kwa taadhima kuwa samaki asiyelishwa hawezi kuleta rutuba ambayo haikuwamo, kwani hula kilichomo na kukirudisha kilekile. Hakunisikiliza. Mwaka wa pili watu wa nyumbani, wakitaka kujifurahisha, walitia perege, wakawa wanawarushia mkate kila jioni. Perege wakazaana, wakachimba mashimo ya kutagia, wakatibua sakafu yote, na maji yakawa kijani kibichi. Mhandisi akaandika kwamba kosa ni la fundi aliyeshabikia samaki. Perege sikuwataja mimi, wala mkate sikuurusha mimi; nalisema leo, kwa kuwa siku ile sikuulizwa.

Enyi vijana mnaoanza kuyajenga mahodhi haya, rutuba huingia kwa mkono wa mtu: mkate, mbolea ya bustani inayoteremka na mvua, udongo uliomwagwa kwa uvivu wa kuosha changarawe. Hayo yaogopeni. Samaki wawe wa madimbwi ya kwetu, wa urefu wa kidole, jamii ya wale wa Unguja ambao dimbwi likikauka hufa wote, mayai yao yakabaki hai topeni hata mvua nyingine. Na wasilishwe kamwe. Baada ya miaka mingi ya kufikiri nimempa yule mhandisi haki yake moja: vyura wachimbiwe kidimbwi chao kisicho samaki. Lakini kuna jambo ambalo ramani yake haikulitaja, nalo ni kichocho. Konokono wake huja na mimea, mayai yamenata chini ya jani. Basi mimea ioshwe, ikae piponi majuma kadhaa, ichunguzwe jani kwa jani, na mgonjwa atibiwe kabla ya kuingia majini, maana konokono hana kichocho mpaka apewe na mtu. Anayelipuuza hili asijiite fundi. Anaingiza watoto wa watu katika maradhi.

Hodhi langu la mwisho nililijenga Kilifi, na pembeni yake nikachimba kidimbwi cha samaki, nikalizika bakuli la Babu sakafuni, ufa wake nimeuziba kwa chokaa. Februari mwaka huu, jua kali na kisima kimepungua, mwenye nyumba alinipigia simu kunipa pole, akisema kidimbwi kimekauka na samaki wamekwisha. Nilipanda basi la alfajiri na ndoo mkononi. Tope la kandoni lilikuwa limepasukapasuka. Bakulini mlikuwa na maji yapata kata mbili, na ndani yake samaki kumi na mmoja, hai. Nikapiga goti, nikamimina maji kidogo kidogo, wakaanza kupanda.