Beji ya Watu Wasio na Parachuti

Jamani, siku hizi nimekamatwa na beji za kijeshi. Nasema beji, maana medali ni kitu kingine. Medali inasema ulikuwepo vitani. Beji inasema kuna jambo unaliweza: kuruka na parachuti, kulenga shabaha, kuzamia. Ukiniuliza ipi nzito, nitakwambia beji, hasa ile ambayo jeshi limeshaacha kuitoa.

Chukua beji ya glaida ya Jeshi la Marekani. Glaida ni ndege isiyo na injini. Katika Vita Kuu ya Pili ilivutwa kwa kamba na ndege nyingine, halafu ikaachiwa, ikashuka kimyakimya palipo na uwazi. Ile waliyoitumia zaidi Wamarekani, Waco CG-4A, ilikuwa mabomba ya chuma yaliyovishwa kitambaa, na sakafu ya mbao. Ilibeba askari 13 na marubani wawili. Hebu fikiria: risasi inapenya kitambaa kama sindano, parachuti huna, na rubani akikosea uwanja hakuna injini ya kuwapandisha tena. Tarehe 6 Juni 1944, huko Normandy, Jenerali Don Pratt wa Divisheni ya 101 alifia ndani ya glaida iliyotua vibaya. Kama jenerali hakupona, koplo je?

Sasa sikia kinachouma. Askari wa parachuti walijitolea wenyewe. Walivaa mabawa kifuani na buti zao za kujidai, na askari wa kawaida kati yao aliongezewa dola 50 kwa mwezi kwa ajili ya hatari. Wa glaida wengi hawakuulizwa, walipangiwa tu. Posho hawakupata, beji hawakupata. Wakajitengenezea bango la utani lenye picha za glaida zilizovunjikavunjika, likiwakaribisha wengine kwenye kazi isiyo na posho lakini isiyochosha hata siku moja!

Ni mwaka 1944 ndipo jeshi lilipowapa posho, na beji pia: mabawa ya rangi ya fedha kama yale ya wenzao, ila katikati, badala ya parachuti, kuna glaida inayokutazama kwa mbele. Mwaka 1948 likaacha kuitoa. Miaka minne tu! Waliokwisha kuipata waliruhusiwa kuendelea kuivaa, lakini idadi yao haikuweza kuongezeka tena. Aliyekuwa na miaka 18 wakati ule, kama yupo, sasa ana karibu miaka mia au zaidi.

Utaniuliza, mambo ya Wamarekani yanakuhusu nini wewe? Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya. Machi 1944 glaida za Wamarekani ziliwashusha askari wa majeshi ya Uingereza katikati ya misitu ya Burma, nyuma ya Wajapani. Miezi michache baadaye, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikawa inasukumana na tope la masika katika bonde la Kabaw, Burma hiyohiyo. Babu alikuwa huko, dereva wa lori. Mwafrika kama yeye alilipwa kidogo kuliko Mzungu wa cheo kilekile, kwa hiyo manung'uniko ya watu wa glaida angeyaelewa bila mkalimani.

Medali yake tuliichezea utotoni na wala hakutukemea. Alikuwa akisema medali walipewa wengi. Lakini umguse kwenye habari ya lori! Hapo angekaa sawa, akueleze namna ya kukata matawi na kuyapanga chini ya magurudumu, na namna ya kusikia kwa mguu kwamba tairi limeshika. Ile ndiyo ilikuwa beji yake, na hakuna jeshi lililomvisha.

Nadhani ndiyo maana beji hizi zilizoachwa zinanigusa. Jeshi linaweza kusema kazi fulani haihitajiki tena. Haliwezi kusema haikufanyika, wala kwamba ilikuwa rahisi.

Sisi waandishi tukikutana na wazee hupenda kuuliza walikuwa wapi mwaka fulani. Tuwaulize pia walikuwa wanajua kufanya nini. Na wewe msomaji, kwenu yuko mzee wa namna hiyo? Alikuwa anaweza nini? Niandikie.