Kijivu Juu, Nyeupe Chini

Mtu wa pwani akihamia bara huichukua bahari yake kwa namna anavyoweza. Mmoja huchukua mapishi, mwingine huchukua lafudhi, na mwingine tenzi alizofunzwa na bibi yake. Yuko mzee mmoja mjini Shinyanga, mzaliwa wa Kunduchi, ambaye yeye alichukua manowari.

Manowari hiyo imekaa juu ya kabati katika chumba cha wageni. Urefu wake haufiki dhiraa mbili. Ameiunda kwa mbao za mninga na bati la makopo ya mafuta, na kazi hiyo ilimchukua jioni za miaka mitatu. Sitaha yake ni tambarare kama uwanja wa mpira, mnara wake umesimama upande mmoja tu, wa kulia, na juu ya sitaha zimepangwa ndege saba za bati, kila moja haizidi kiganja cha mtoto. Watoto wa mtaani, ambao maji makubwa waliyoyaona ni ya ziwa la Mwanza, huingia kuitazama na kuuliza mahali samaki wanapowekwa.

Mzee hucheka, kisha huwaeleza. Hiyo ni HMS Centaur, iliyoshushwa majini Belfast mwaka 1947 na kuvunjwa vipande Cairnryan, Uskochi, mwaka 1972. Naye aliiona kwa macho yake, akiwa na umri wa miaka kumi, asubuhi ya Jumamosi tarehe 25 Januari, 1964.

Habari za mwezi ule wasomaji wa visiwani hawahitaji kusimuliwa kwa urefu. Tarehe 12 Unguja ilipinduka. Tarehe 20, usiku kabla ya mapambazuko, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza wakadai mambo mawili: mishahara bora na maofisa Waafrika. Nchi ilikuwa huru tangu Desemba 1961, lakini kamanda wa jeshi lake alikuwa bado Mwingereza. Maasi yakaenea hadi kambi ya Tabora, na siku chache baadaye yakazuka mengine Uganda na Kenya. Mwalimu Nyerere, baada ya kusitasita, aliomba msaada wa Uingereza, na baadaye akakiri mbele ya watu kwamba kuomba huko kulikuwa ni aibu.

Msaada ulikuja kwa Centaur. Ilikuwa imetoka Aden na makomandoo wa majini wa kikosi cha 45. Kulipopambazuka, helikopta zake zikawabeba hadi uwanja ulio jirani na kambi, huku manowari nyingine, HMS Cambrian, ikipasua makombora hewani ili kutia hofu. Juu ya yote zilizunguka ndege za jeti aina ya Sea Vixen, yaani mbweha jike wa baharini, kuwalinda wale walioteremka.

Mtoto wa Kunduchi alikuwa ufukweni na baba yake, wameshika nyavu. Aliyoyaona hakuyasahau tena. Meli ndefu, imetulia mahali ambapo jana yake palikuwa maji matupu. Kisha ndege mbili zikapita juu ya minazi, mkia wa kila moja umegawanyika pande mbili kama uma, na sauti ikafuata nyuma yao ikautikisa mchanga chini ya nyayo zake. Baba alimwekea mkono begani. Yeye hakuogopa. Alitamani zirudi, nazo zikarudi.

Si kwamba nyumba yao haikujua manowari ni kitu gani. Hata neno lenyewe Waswahili waliliokota midomoni mwa mabaharia wa Kiingereza, na walilipata kwa gharama. Mama yake alikuwa mtu wa Unguja, na bibi mzaa mama alikuwa mtoto mdogo tarehe 27 Agosti, 1896, siku meli za Kiingereza zilipolipiga kasri la Sultani kwa muda usiotimia saa moja ili kumwondoa Seyyid Khalid, zikaizamisha na meli ya Sultani, Glasgow. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini mbele ya mji kwa miaka mingi, na bibi alikuwa akisema kwamba watoto wa zama zake walijifunza kuhesabu kwa milingoti hiyo: mmoja, miwili, mitatu. Basi mtoto yule aliambiwa mapema kwamba meli nzuri huweza kuwa imekuja kuua. Lakini kuambiwa ni kitu kimoja, na jicho lina yake.

Alipokua alijifunza ufundi wa mitambo, na katika miaka ya sabini akapata kazi Mwadui, kwenye mgodi wa almasi ulioanzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Mgodi ule ulikuwa mji kamili, una hospitali yake, shule zake na kiwanja chake cha ndege. Hapo fundi kijana alikuta majarida ya zamani ya ndege yaliyoachwa na wahandisi wa Kiingereza, na humo akaikuta tena asubuhi yake ya Kunduchi, safari hii ikiwa na majina na vipimo.

Alijifunza kwamba meli ile fupi iliwezaje kurusha ndege nzito hivyo. Chini ya sitaha kulikuwa na mitungi mirefu ya mvuke; mvuke ulipofunguliwa ulisukuma pistoni, na pistoni ikaivuta ndege mbele kwa nguvu, kama manati irushavyo kijiwe. Kutua kulikuwa kugumu zaidi: rubani alifuata taa zilizoakisiwa na kioo kilichowekwa ubavuni mwa meli, na ndege ikateremsha kulabu nyuma yake, kulabu ikanasa waya uliotandazwa sitahani. Akikosa nyaya zote, sitaha ilikuwa imechorwa kwa mshazari, hivyo aliweza kuruka tena bila kuzigonga ndege zilizoegeshwa mbele. Manati ya mvuke, kioo, na sitaha ya mshazari, yote matatu ni mavumbuzi ya Waingereza wa miaka baada ya vita, na mataifa mengine yaliyounda meli za aina hiyo yaliyaiga. Fundi aliyekesha akitengeneza mashine za kupondea mawe asingeweza kusoma hayo bila kuvutiwa. Hakuipenda bendera. Aliipenda kazi.

Jambo moja lilimkaa zaidi moyoni. Ndani ya Sea Vixen walikuwamo watu wawili. Rubani alikaa kushoto, chini ya kifuniko cha kioo, akiiona mbingu yote. Mwenziwe, mtazamaji wa rada, alikaa kulia, chini zaidi, ndani ya tumbo la ndege, katika giza, na kidirisha kidogo tu ubavuni. Wote wawili walikwenda safari moja, na aliyeona ni mmoja. Zaidi ya thuluthi ya ndege zile ziliangamia katika ajali, na wengi waliokufa walikufa wawili wawili.

Mzee alijua pia kuwa huzuni yake ina wenzake wengi ng'ambo. Mwezi Februari 1966 serikali ya Uingereza ilifuta mpango wa kuunda manowari mpya kubwa ya kubeba ndege. Victorious ikaondolewa kazini mwaka 1968, Eagle mwaka 1972, na Ark Royal mwaka 1979. Wako Waingereza ambao hadi leo huyataja majina hayo kama watu wanavyowataja marehemu wao. Sea Vixen ya mwisho iliyokuwa ikiruka katika maonyesho ilitua kwa tumbo mwaka 2017, magurudumu yamegoma kushuka, rubani alisalimika. Mjukuu alipomwonyesha picha hizo kwenye simu, mzee aliirudisha simu na kukaa kimya hadi adhana ya magharibi. Meli mpya kubwa zimekwishaundwa tangu hapo, lakini si zile, na anayelilia ujana wake hafarijiki kwa kuonyeshwa vijana wengine.

Akaanza kuzitungia utenzi. Mtu wa Kunduchi hawezi kuwa na pendo asilitafutie vina. Ubeti wa kwanza ulimjia usiku mmoja tu:

Ilikuja alfajiri
meli kuu ya fahari
ngurumo zikashamiri
juu ya Dari Salama.

Baada ya hapo hakwenda mbele. Kila akiandika ubeti wa pili aliuchana. Alidhani kinachomshinda ni kina cha bahari, yaani kupata maneno ya kutosha yaishiayo kwa "ma". Mkewe, ambaye ni Msukuma wa huko huko Shinyanga, hakuwahi kuusifu utenzi wala kuulaumu. Ila kila mzee alipoanza kuipangusa meli vumbi, yeye alikumbuka kazi ya jikoni.

Mke huyo alikuwa na kaka yake, mchimbaji wa dhahabu upande wa Geita. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na ule mkubwa wa kisasa ukafunguliwa mwaka 2000. Yeye hakuwa wa huu wala wa ule. Alikuwa mchimbaji mdogo, mtu wa maduara ya Nyarugusu, wa kamba, nyundo, tochi na zebaki. Wazee walipomwoza fundi walimwambia tu kwamba shemeji yake "aliwahi kuwa askari", wakageuza mazungumzo. Fundi hakuuliza alikuwa askari wapi. Miaka thelathini na zaidi hakuuliza.

Mwaka 2014, mwezi wa Januari, shemeji alikuja Shinyanga kutibiwa kifua, kifua cha vumbi la mwamba. Akalazwa katika chumba cha wageni. Asubuhi ya pili mwenyeji alimkuta ameketi kitandani, ameikabili meli.

"Shemeji, hii ni nini?"

Mzee akamweleza kama awaelezavyo watoto: jina lake, Belfast, mvuke, manati. Alipofika kwenye ndege akachukua moja na kumwekea kiganjani. Shemeji aliigeuza taratibu, akaitazama upande wa juu, kisha wa chini.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, shemeji. Nilikuwa Kunduchi, na baba. Zilipita juu ya minazi."

"Mimi nilikuwa Colito," akasema shemeji. "Wewe ulikuwa ukiitazama. Mimi nilikuwa nikiisikia tu. Nililala kifudifudi, mikono nimefunika kichwa. Kombora lilikwisha piga nyumba ya walinzi. Nilijua ile sauti inanitafuta mimi." Akanyamaza kidogo. "Sikujua ilikuwa na rangi gani."

Mzee hakupata jibu ila lile alilolijua kama fundi. "Kijivu juu," akasema, "nyeupe chini."

"Ahsante. Miaka hamsini sikujua."

Kisha, bila kuulizwa, alieleza yaliyobaki. Hakuwa kiongozi wa maasi. Viongozi walishitakiwa na kufungwa. Yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili aliyefuata wenzake. Jeshi lilipovunjwa walirudishwa makwao. Alipanda treni ya reli ya kati, akabadili Tabora, akateremka Shinyanga na blanketi moja, na tangu siku hiyo jina lake likawa ni mwasi. Mwezi Septemba mwaka ule ule liliundwa jeshi jipya, Jeshi la Wananchi, na kambi ya Colito, iliyokuwa na jina la vita vya Waingereza kule Ethiopia mwaka 1941, ikaitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891.

"Maofisa Waafrika tuliowaomba walikuja," akasema. "Ila sisi hatukuwapo wa kuwapigia saluti." Hakulisema kwa uchungu. Wala hakusema kwamba walikuwa na haki: mji uliporwa siku zile, watu walikufa, na serikali changa ilikaribia kuanguka. Alikuwa ametimiza nusu karne akiyapima yote hayo shimoni, na mizani yake haikuwa imelala upande wowote.

Mzee akainuka kwenda kuichukua meli aitoe chumbani. Shemeji akamzuia.

"Iache, shemeji. Nimekwisha ijua rangi."

Alikaa wiki tatu, akarudi Geita, na mwaka uliofuata akazikwa huko. Ndege ile moja ya bati haikurudi sitahani. Dada yake ndiye aliyemtilia mfukoni, na mzee hakuiulizia. Zimebaki sita. Watoto wa mtaani huhesabu na kuuliza ya saba iko wapi, naye huwaambia imeruka.

Hakuacha kuipenda Centaur. Kumwomba mtu alifute lililomfungua macho akiwa na miaka kumi ni kumwomba azaliwe upya. Lakini alitambua kilichokuwa kikimkwamisha. Utenzi wake ulikuwa wa mtu mmoja tu, yule aliyekaa chini ya kioo akiiona mbingu, na wa pili alikuwa gizani ubavuni mwake muda wote, hakuna aliyemuuliza. Usiku wa matanga aliandika ubeti wa pili, na huo hakuuchana. Wala hajauongezea mwingine.

Nawe uliyelalia
mchanga ukisikia
sauti ikipitia
sema, nami nitakoma.