Vijidudu vya pilipili

Mwezi wa sita, baridi ya Lubumbashi ilipokaza, tuliingiza nyumbani pilipili zetu za kwenye bidoni. Wiki mbili tu, majani yakawa na madoadoa ya njano, na chini yake utando mwembamba. Tulidhani ni vumbi! Kumbe ni utitiri, jamaa ya buibui, unaopenda hewa kavu. Dawa ya sokoni tulikuwa nayo, lakini tuipulize pale watoto wanapolala? Tukaiacha. Tuliosha majani kwa maji, hasa upande wa chini, kisha kwa maji yenye sabuni kidogo, tukarudia kila baada ya siku tatu, maana mayai huanguliwa upesi. Bidoni moja ilitushinda, tukaitupa mbali. Zingine zimechipua, kitinda mimba wetu huzichungulia kila asubuhi.